Kanga za Sabuni Yetu

Jamani, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mie mtu wa Mbeya, na kwetu kanga ni ya kubebea mtoto tu. Nilipata kazi kampuni ya sabuni, enzi zile soko lilipofunguliwa na kila wiki madukani kuna sabuni ngeni. Bosi akataka wanawake wa Mtoni, mtaa wa huku pwani nilikopanga, waizungumzie yetu.

Nikaanza upelelezi. Niliwaona wakipishana njiani, wanageuka kusomana kanga mgongoni, nikajiuliza: kuna gazeti gani linalosomwa hivi? Muuza kanga akaniambia zinazotoka haraka ni zile zenye maneno makali. Basi tukachapisha zetu, jina la sabuni pembeni: UMBEA UMEKUZIDI, NENDA KAOGE. Nilicheka peke yangu kwa utamu.

Nikazigawa bure nyumba kwa nyumba. Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba niliyopanga, akaisoma, akaikunja tena.

"Mwanangu, maneno haya unaniambia mie?"

"Ndiyo, mama! Zawadi yako!"

Jumapili bosi akaja mtaani kwenye uzinduzi wa kanga zetu. Wanawake wakafika kundi zima, wamevaa sare, kanga mpya, wala si zetu. Nikamnong'oneza bosi, "Umeona watu wangu?"

Wakasimama mbele yetu, wakatugeuzia mgongo wote kwa pamoja. Bosi akasoma kwa sauti: HATULI KWENU, MANENO YA NINI?

"Wanamjibu nani hawa?" akauliza.

Bi Mwanahawa akageuza shingo. "Huyo hapo kando yako, baba. Yeye ndiye aliyeanza."