Hodhi Tusilotaka Kulichungulia

Katika miaka ile ya utawala wa Mwingereza nilikuwa nikinunua asali na nta karibu na stesheni ya Itigi, na kila baada ya sala ya alasiri nikisomesha mlango wa twahara, yaani hukumu za usafi, msikitini. Nataja kazi zote mbili kwa sababu ndizo zinazonichefua ninapokikumbuka kiangazi kile. Asiyejua ana udhuru. Mimi nilijua, tena niliheshimiwa kwa kujua.

Msikiti wetu ulikuwa na hodhi la saruji uani. Lilipita kulla mbili, kipimo ambacho wanazuoni wetu husema maji yakikifikia hayanajisiki kwa kuangukiwa na uchafu, ila najisi hiyo ikiyabadilisha rangi, ladha au harufu. Yakibadilishwa na majani ya miti, hayadhuru. Hukumu hiyo ni rehema kwa watu wa nchi kavu. Sisi tuliigeuza kuwa godoro la uvivu wetu.

Maji yalianza kunuka. Juu yake ulitanda utelezi wa kijani ulioshikamana na vidole. Ukisukutua, ulibaki kwenye ufizi kama ute. Harufu ilitufuata hadi kwenye safu, ikapanda kutoka mikekani kila tuliposujudu.

"Ni majani hayo," alisema mzee mwenye ufunguo wa msikiti, nasi sote tukakubali kwamba ni majani. Hakuna aliyechungulia. Ilipoulizwa nani wa kulisafisha hodhi, mzee alisema kazi yake yeye ni ufunguo. Mwadhini alikuwa na kifua cha kukinga na baridi. Fundi cherehani mmoja akashauri tumwandikie Bwana Shauri wa Manyoni alete mtu.

"Hata taka zetu tumpelekee Mwingereza?" mwadhini akamtania. "Ataandika kitabuni kwamba Waislamu wa Itigi wameishiwa mikono."

Tukacheka, kisha tukatawadha kwa maji yaleyale.

Siku hizo mrina asali mmoja wa vichakani, wa rika langu, alikuwa ameniomba asilimu. Aliniambia kilichomvuta: watu wanaonawa mara tano kwa siku kabla ya kusema na Mungu wao. Ndugu zake waliapa kumtenga akifanya hivyo, naye alikubali kutengwa. Badala ya kumtamkisha shahada papo hapo, kama ilivyonipasa, nilimngojesha mpaka Ijumaa ili watu wamwone. Hilo nalo lilikuwa kosa langu.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka uani aoge. Aliinama hodhini, akanusa.

"Mwalimu, humu kuna mfu."

"Ni majani," nikamjibu, kwa sauti ileile ninayosomeshea.

Akavunja tawi refu, akakoroga chini, akainua. Alikuwa paka. Manyoya yalikwisha pukutika, ngozi nyeupe imevimba, na tumbo lilipogusa ukingo wa hodhi lilipasuka. Alfajiri ile nilikuwa nimesukutua mara tatu.

Mwenye ufunguo alikuja, akatazama, akaziba pua kwa ncha ya kilemba. "Alhamdulillahi, hatukujua," akasema. "Sala zilizopita tumesamehewa."

Hatukujua kwa kuwa tulijilinda tusijue. Nilikuwa bado natema mate.

Mrina alisugua mikono yake kwa mchanga. "Juzi ulinirudishia debe zima kwa ajili ya nyuki mmoja aliyekufia ndani."

"Ni kweli."

"Nikasema, huyu ni mtu msafi." Akachukua kibuyu chake. "Ndugu zangu waliniuliza nahamia kwa watu gani. Sasa nitawajibu nini?"

Akaenda zake, na sala ya Ijumaa haijaadhiniwa.

Kesho yake nilivua kanzu nikaingia hodhini na kipande cha debe. Nilikwangua siku tatu. Wenzangu walipita ukingoni wakiniombea dua, na mwenye ufunguo akasema wamshukuru Mungu, msikiti sasa umepata mtu wa hodhi. Maji mapya yalipojaa, nilimfuata mrina kambini kwake vichakani nikamwambia hodhi limetakata.

"Kalisafisha nani?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Alinipa kigoda na uji. Nilimkumbusha kwamba shahada haihitaji hodhi wala msikiti, aitamke palepale.

"Najua, ulinifundisha," akasema. "Na ulinifundisha pia kwamba Uislamu ni kusimama safu moja, bega kwa bega. Nawe mwenyewe uliniambia ni majani, Mwalimu. Acha ningoje kwanza."

Sikumshurutisha. Nilirudi nikawakuta wanafunzi wangu, watu wazima wote, wameketi na kitabu kimefunguliwa palepale tulipoachia. Niliwaambia wakifunge, wakachukue mifagio na kuanzia vyooni. Wawili walinyanyuka. Waliobaki walisema wao walikuja kutafuta elimu, wakakusanya viatu vyao mlangoni na kwenda zao.