Mama Mkwe Ananinunulia Kadi ya Picha

Televisheni ilikuwa ya inchi hamsini, ya 4K, na niliipata kwa mgeni mmoja wa mashirika ya misaada aliyekuwa anahama kutoka Kalemie, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika. Niliileta nyumbani kwa pikipiki, nimeikumbatia nyuma ya dereva, huku nikimfokea apunguze mwendo kila penye shimo. Nikaiunganisha na kompyuta yangu, nikawasha mchezo wa magari. Aibu tupu. Kadi ya picha niliyokuwa nayo, kile kifaa kinachochora picha ndani ya kompyuta, ilizoea skrini ndogo ya ofisi, na kwenye kioo kile kikubwa magari yalionekana kama mabonge ya ugali yanayokimbizana.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya Niemba ilikuwa haipitiki, wakimbizi walijaa pembeni mwa mji, na kazi yangu ya kutengeneza kompyuta za ofisi ilikuwa ya kusuasua. Wapo watakaoshangaa kwamba nilikuwa nawaza kadi ya picha wakati kama ule. Mimi nawashangaa wao. Mtu akifungiwa ndani tangu jua linapozama, lazima awe na kitu cha kuwaza, na mimi nilikuwa nacho, tena kilinisisimua mpaka chakula nikawa nakisahau.

Mke wangu naye alikuwa na lake. Mama yake alikimbia kutoka Niemba vita vilipofika kwenye mashamba yake, akapanga chumba karibu na bandari, chumba kinachovuja, akawa anapeleka mafuta ya mawese Kigoma kwa boti na kurudi na sabuni na vitenge. Mke wangu alimsihi kila wiki aje kukaa kwetu. Alikataa. Kwa mila zao, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake wa kiume. Hamtazamani usoni, hamsemezani, hamkai chumba kimoja. Akija, alisimama uani akaongea na binti yake, na mimi nikatokea mlango wa mbele kama mwizi. Mke wangu alikuwa analia juu ya chumba kile, lakini heshima ni heshima.

Kadi za maana zilipatikana Kigoma, na anayekwenda Kigoma alikuwa mama mkwe. Basi nikamfundisha mke wangu, naye akamfundisha mama yake. Sikutaka kadi ya wakubwa, ile ingemeza umeme wote na kuzima jenereta yetu ndogo. Sikutaka pia ya rahisi. Nilitaka ya katikati, yenye feni mbili, waya mmoja wa umeme, na zaidi ya yote kumbukumbu ya gigi nane. Kwenye 4K picha ni nzito, na kumbukumbu ikiwa ndogo inajaa mara moja, mchezo unaanza kukwama. Hilo nililirudia mpaka mke wangu akaniambia ninamchosha.

Siku mbili baada ya mama mkwe kuvuka ziwa, mchana, simu yangu ikalia. Namba ya mama mkwe. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni na simu yake ilikuwa imeisha chaji, hivyo mama yake akajaribu yangu. Nilitoka mbio na ile simu inayolia mkononi, nikampa jirani yetu aliyekuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba.

“Mama, tafadhali, pokea. Ni mukwe wangu.”

Alifuta mikono kwenye kitenge, akapokea, akasikiliza, akanigeukia.

“Anasema iko mu duka. Kuko kadi mbili, bei moja. Moja ni kubwa, iko na feni tatu, inalemea. Ingine ni kadogo. Muuzaji anasema achukue kubwa.”

“Muulize gigi.”

“Anauliza gigi,” jirani akasema kwenye simu, kisha kwangu: “Kubwa iko na nne. Kadogo iko na nane. Lakini mukwe wako anasema kitu cha kulemea ndiyo kitu cha kweli. Na mie naona vile.”

Wafanyabiashara wa ziwani ndivyo walivyo. Sabuni wanaipima kwa mkono, kitenge wanakipima kwa mkono, na sasa kadi yangu ilikuwa inapimwa kwa mkono. Kadi ile kubwa niliijua, ni ya kizazi cha nyuma, tumbo kubwa na akili kidogo. Nikaanza kueleza, na hapo hapo mteja akaja kutaka ndagala za kilo nzima. Jirani akanirudishia simu, akashika mizani yake.

Nilisikia mama mkwe akisema, “Alo? Alo? Nilipe?” Nikageukia ukuta. Sijui kwa nini ukuta, alikuwa ng'ambo ya ziwa.

“Mama, ni mie. Usichukue kubwa. Uzito haina kazi. Chukua ile kadogo.”

Kisha akasema, “Aa.” Simu ikakatika.

Mke wangu aliporudi nikamweleza. Aliweka kapu chini taratibu.

“Umesema na mama kwa kinywa yako? Tena ukamukataza?”

“Angenunua ile kubwa.”

“Basi angenunua tu. Sasa hata uani hatafika. Ataoza mule mu kile chumba sababu ya kadi yako.”

Hakunisemesha mpaka boti lilipoingia. Niliogopa kweli, na bado, nisiseme uongo, nusu ya moyo wangu ilikuwa inauliza ni kadi gani.

Mke wangu aliipokea bandarini. Ilikuwa ile ndogo. Mama mkwe hakuiweka kwenye mizigo, aliifunga tumboni kwa kitenge njia nzima. Nilifungua kompyuta, nikaichomeka kadi, na ikaingia sawasawa. Kwa kuijaribu nikachagua mchezo wa kilimo. Kadi haijaribiwi kwa magari, inajaribiwa kwa majani, maelfu ya majani, kila moja na mtikisiko wake. Nikaweka 4K kamili. Vivuli nikavipunguza, nani anakaa kuangalia kivuli? Na shamba la mahindi likajaa ukutani kwangu, jani kwa jani, mpaka ile mistari katikati ya jani. Nilipiga kelele peke yangu.

Nilikuwa naendesha trekta nikasikia sauti mlangoni. Mke wangu alikuwa amemleta mama yake, naye alikubali kuingia ili aone alichobeba. Sikugeuka, sikuthubutu.

“Nani amepanda ile mahindi?” mama mkwe akamuuliza binti yake. “Mwambie bwana yako, mistari iko karibu sana. Haitazaa.”

“Mama, ni mashini ndiyo inapanda.”

“Mashini ni mupumbavu.”

Nikasikia kiti kikivutwa. Alikaa nyuma yangu, wote tumetazama mbele, hakuna anayemwona mwenzake usoni. Niliendelea kuendesha polepole.

“Mukwe,” akasema, na safari hii ilikuwa kwangu, maana kwenye simu tulikuwa tumeshasemezana. “Rudia kwa ule upande. Kuko nyasi.”

Nilirudi. Kulikuwa na nyasi kweli, nyembamba, kati ya mistari miwili. Kadi yangu ya zamani isingezionyesha kamwe. Nikazing'oa.

“Kwangu kule Niemba sasa nyasi imefunika yote,” akasema. “Nilijua sitaona tena mahindi imesimama vile.”

Mke wangu alikuwa anafuta macho, nilimsikia. Mimi nilipanda mstari mwingine, nikauacha mbali zaidi kama alivyotaka, na yeye akasema, “Eh, vile.” Tulifika mwisho wa shamba, nikasimamisha trekta.

“Mu hii nyumba,” akauliza, macho bado kwenye skrini, “mie nitalala chumba gani?”

Nikamwambia ni kile cha mbele, na kwamba hakivuji.