Kanda ya Jumatatu

Kaka yangu Yahaya, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitunza kompyuta ya shirika lililotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Kila Jumatatu jioni alinakili majina yote kwenye kanda, akaileta kwetu Buyenzi na kuiweka kabatini kando ya msahafu. Ofisi ikichomwa, alisema, watoto wasipotee mara ya pili.

Jumatano moja ya mwaka 2001 nilimpelekea chakula, nikamkuta ofisini ameinamia kompyuta. Mwenzake Régis, aliyelelewa Ubelgiji, alikuwa ameona majina Bukuru na Butoyi yamejirudia mara nyingi, akafuta yote aliyodhani yamezidi. Kumbe Burundi kila pacha wa kwanza ni Bukuru, na wa pili ni Butoyi.

“We, ulizani ni mutoto mumoja anazunguka inchi nzima?” Yahaya alimuuliza.

“Pardon, Yahaya. Turudishe kanda ya Jumatatu, basi.”

“Na walioandikwa jana?”

Mlangoni alikaa Pascaline, mama mmoja kutoka mtaa wa Kinama. Habari za mapacha wake zilikuwa zimefika Jumanne kwa redio ya upepo na kuandikwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Karatasi haikuwepo.

Nilikimbia nyumbani kuleta kanda. Kompyuta ile ilihifadhi pembeni kila badiliko pamoja na saa yake. Yahaya alirudisha majina ya Jumatatu, kisha akaiamuru irudie mabadiliko yaliyofuata, moja baada ya jingine, na isimame saa nne na dakika kumi, kabla tu Régis hajafuta. Umeme ulikatika mara mbili. Mara mbili alisema bismillahi, akaanza upya.

Alasiri alitoka mlangoni. “Mama, wako wote wawili. Mi mwenyewe nitakupeleka.”

Waliondoka Ijumaa. Wakati wa kurudi, gari lilipigwa risasi njiani. Pascaline na wanawe walifika salama. Kaka yangu tulimzika Jumamosi.

Jumatatu, siku ya tatu ya matanga, Pascaline aliketi mkekani pamoja nasi, Butoyi amemlalia mapajani, Bukuru ameshika kanga yake. Jioni Régis alibisha hodi. Hakuweza kunitazama usoni. Alikuwa ameshika kanda mpya.

“Dada Mwanasiti, alikuwa anaiweka wapi?”

Nikamfungulia kabati.