Mgongo wa Marhoun, Nakala Thelathini

Kwa miaka ishirini na miwili, kila baada ya sala ya alasiri, Marhoun bin Harub alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake ya Ibra, uso kwa barabara na mgongo kwa watu wa ndani. Hakuwa mlinzi. Alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya maji, mtu wa heshima zake, mzaliwa wa Tabora aliyeletwa Omani akiwa kijana, na pale mlangoni alikuwa akipunga upepo tu. Lakini mlango ulikuwa mwembamba na mgongo wa Marhoun ulikuwa mpana, kwa hiyo anayetaka kutoka ilimbidi asimame nyuma yake na kusema, "Naomba nipite." Naye, bila ya kugeuka, aliuliza neno moja: "Wapi?"

Mkewe, Shukriya binti Nadhir, aliulizwa neno hilo mara nyingi kuliko alivyoitwa kwa jina lake. Hakupigwa, hakutukanwa, hakulala na njaa hata siku moja. Aliulizwa tu. Na mara nyingi, akiisha kuulizwa, aliona safari yenyewe haina maana, akageuka na kurudi jikoni kama aliyesahau kitu.

Shukriya alizaliwa Unguja mjini, akaja Omani ana miaka kumi na mitatu, akaishia kuwa mwalimu wa kuchora katika skuli ya wasichana. Mwaka 1994 walimu wa uchoraji waliitwa Maskati kwa mafunzo ya wiki mbili. Ilikuwa amri ya serikali na Marhoun hakuwa na la kusema. Huko, mwalimu mmoja wa Kisudani, mama mnene mwenye vidole vyeusi kwa wino, aliwaonyesha kuchora kwa patasi ndogo juu ya linoliamu, kitu kile kile kinachotandikwa sakafuni. Unakibandika kipande juu ya kibao, unachonga kinyume, kulia kuwe kushoto. Unapochonga panatoka peupe, na ulipopaacha ndipo panaposhika wino. Unapiga nakala ulizokusudia, unaziandika namba kwa penseli, moja ya thelathini, mbili ya thelathini, mpaka mwisho. Ikiisha ya mwisho unakiharibu kibao kwa mkono wako, halafu unapiga nakala moja ya huo uharibifu, iwe ushahidi. "Ukikibakisha kizima," alisema yule mama, "wewe ni mwongo, na kila aliyenunua umemwibia."

Zile zilikuwa wiki mbili pekee katika ndoa yake ambazo Shukriya alilala nje ya nyumba yake, na kila neno alilolisikia huko lilimganda.

Alichonga miaka tisa bila ya kutafutwa na mtu. Akachonga kuku, akachonga birika, akachonga vyote vilivyomo ndani, maana ndivyo alivyoviona. Kisha mwanafunzi wake wa zamani, Wiam, akafungua duka la picha Nizwa, katika nyumba ya kale nyuma ya soko, akamwomba picha moja kubwa ya nakala thelathini. Shukriya akamwambia mumewe kwamba anataka kumchora yeye.

"Sura yangu usiichore," Marhoun alisema. "Kesho akhera utaambiwa uitie roho. Utaweza?"

"Basi n'tachora mgongo."

Hilo lilimfurahisha. Siku nne alikaa pale kizingitini amenyooka kuliko kawaida, hata kukohoa akijizuia, na Shukriya akakaa ndani gizani akimchora alivyomwona siku zote: mlango, nje mwanga mkali, vilele vya mitende juu ya mabega, na katikati mgongo mweusi umeziba njia. Nakala ya kwanza ilipotoka Marhoun aliitazama sana. "Mgongo umenyooka," alisema, akenda msikitini na furaha yake. Watu wa Nizwa nao, walipokuja kuiona, wakasema, mashallah, picha ya utulivu, baba kailinda nyumba yake. Kila mmoja aliona alichotaka kuona. Wiam alipomwita aje kwenye ufunguzi wa maonyesho, alikwenda akasimama nyuma ya mgongo wenyewe.

"Wapi?"

"Nizwa. Picha zangu zinatundikwa."

"Picha si ziende? We utabaki."

Zikaenda nakala kumi na moja peke yake, na kila moja ikaenda na karatasi yenye saini yake Shukriya: thelathini tu, kisha kibao kitaharibiwa. Hiyo ilikuwa Disemba 2003. Katikati ya Januari, Marhoun akiwa anafunga kilemba, moyo wake ulisimama.

Shukriya akawekwa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo za kawaida, bila ya manukato wala wanja, na mlangoni hakutoki mtu. Mgongo ulikuwa umekwisha kuondoka na mlango ulikuwa mtupu kabisa, wazi, jua linaingia mpaka katikati ya chumba, na yeye hakuruhusiwa kuupita. Siku za mwanzo alilia sana. Alimlilia mumewe kwa kweli, maana alikuwa ameyazoea maisha yake. Lakini kilio kingine kilikuwa cha hasira, na kwa hiki aliona haya mbele ya Mungu.

Wifi yake, Ghalia, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kutoka Sur kukaa naye, kama ilivyo ada. Ghalia alikuwa mjane wa zamani na eda aliijua. "Mie ya marehemu wangu nilihesabu mpaka vigae vya chooni," alisema, akashusha begi lake, na kuanzia hapo nyumba ikawa na watu wawili na pumzi ya mtu mmoja. Alimwamsha Shukriya, akamlisha, akapokea simu, akasikiliza simu.

Wiam alipiga baada ya arubaini.

"Abla, mwalimu wangu, shikamoo. Allah yirhamhu. Sitaki kukusumbua, wallah."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Watu wanangojea ile picha. Mimi nimewaambia imebaki kumi na tisa, khalas, halafu kibao inavunjwa. Kama huwezi, nitawaambia."

Shukriya alitazama kibao, kimeegemezwa ukutani, mgongo umemwelekea. "N'taweza," alisema. "Nimetia saini."

Akaanza. Chumba cha nyuma, meza moja, kioo cha kusambazia wino, rola, na upawa wa kifuu aliouacha marehemu mama yake, aliotoka nao Unguja. Mashine ya kuchapia hakuwa nayo. Alilaza karatasi nene juu ya kibao na kuisugua kwa mgongo wa upawa, duara ndogo ndogo, nusu saa nzima, mpaka bega likamuuma. Wino aliusikiliza zaidi ya kuutazama. Ukiwa sawa ulilia chini ya rola kama kitunguu kinachoingia kwenye mafuta yaliyoanza kupata moto. Kila nakala aliilinganisha na ile ya majaribio, isiyo na namba, aliyoitundika ukutani, kwa sababu ya thelathini lazima ifanane na ya kwanza, asiweze mtu kusema huyu kapewa nzuri na yule kapewa makombo.

Kwa hiyo kila siku alimweka Marhoun mlangoni kwa mikono yake mwenyewe. Akimaliza mmoja, kesho yake anaanza mwengine. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Alijaribu kwenda haraka ili amalize, kisha akakumbuka kwamba mwisho wake ni kumharibu, akaanza kuvuta siku. Kwenda hakutaka, kusimama hakuweza.

Nakala ya kumi na saba iliingia doa la dole gumba pembeni. Iliyoharibika haipewi namba wala haiachwi ikazagaa, huchanwa. Shukriya aliichana mara mbili, na Ghalia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa.

"Unampasua ndugu yangu!"

Finjani zikamwagika. Ghalia alipiga magoti akaviokota vipande vinne, akaviweka kifuani, akalia kilio kilichowaleta majirani mpaka uwani. Shukriya alieleza habari ya doa, habari ya namba. Alijisikia kama anaeleza wizi. Jioni alimkuta wifi yake sebuleni ameunganisha vipande kwa gundi ya karatasi, mshono umepita katikati ya mgongo.

"Wifi," Ghalia alisema, sasa kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuliko kelele. "Marhoun hakupiga picha. Ana ile ya pasipoti tu, amekunja uso kama kaudhiwa. Sisi tuko ndugu saba. Hicho kibao ndicho tulichobakiwa nacho. Ukimaliza biashara yako na huyo mtoto wa Nizwa, utupigie kopi kila nyumba, na chenyewe tukitie kwenye fremu majlisi. Wajukuu wamjue."

"Nimeahidi kukiharibu."

"Umewaahidi watu baki. Huyu ni mumeo." Akamtazama. "Au hukumpenda?"

Shukriya angeweza kusema alimpenda, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema kwamba picha ile ni kifungo chake alichokichonga, kwamba alipokuwa akichonga alikuwa akisema "pisha, pisha" kwa kila kipande, na ingekuwa kweli pia. Kwa ukweli wa pili wangemfuta katika ukoo. Akiwapa kibao, Marhoun atakaa mlangoni katika nyumba saba, kisha sabini, na yeye ndiye atakayemkalisha maisha yake yote kila wakimletea karatasi. Akaenda kunawa wino, na usoni ulimbakia kidogo.

Aprili ikaja na joto lake. Wino ukawa unakauka juu ya kioo kabla ya kusambaa, akawa anauongezea tone moja la mafuta. Ishirini na mbili. Ishirini na sita. Ndugu walipiga simu mmoja mmoja kutoka Sur na Sinaw, wakimwita mke wa ndugu yetu, wakimsifu kwa subira yake, na kila mmoja akimaliza kwa kuuliza kibao ki salama. Usiku hakulala vizuri, mchana hakula. Alikuwa na miaka arubaini na sita na katika nyumba yake mwenyewe hakuwa na pahala pa kusimama ambapo hapakutazamwa na mtu au na mgongo.

Nakala ya thelathini ilitoka zimebaki siku tatu eda iishe. Aliiandika namba kwa penseli, akaitundika kwenye kamba na wenzake, kisha akamwita wifi yake.

"Kaa hapa," alisema. "Sitaki kufanya kwa kukuficha."

Ghalia alipoiona patasi mkononi alielewa. "Wifi, nakuomba. Nakuomba kwa haki ya Mtume."

Kule Maskati walifundishwa kupiga mistari miwili mirefu, kona kwa kona, basi, kazi ya nukta moja. Shukriya aliiweka patasi pembeni ya kibao na mkono ukakataa. Mtu amekwisha kufa, huwezi kumkata kama gazeti bovu. Akaihamisha patasi mpaka kwenye bega la kushoto la Marhoun, akatoa kipande kimoja chembamba. Akatoa cha pili. Akaendelea kushuka, polepole, kama anavyooshwa maiti, bega, ubavu, kiuno, bila ya kugusa mlango wala mitende. Linoliamu ilijikunja mbele ya patasi na kudondoka mapajani mwake. Saa nzima. Ghalia alilia mwanzo kwa sauti, kisha bila ya sauti, kisha akawa anatazama tu, na Shukriya naye machozi yalimtoka akayaacha.

Ilipobakia kupiga nakala ya ushahidi, alisambaza wino, akalaza karatasi, akasugua kwa upawa. Akainyanyua pembe moja, halafu yote.

Mlango ulikuwa ule ule, na mitende ile ile. Pale katikati hapakuwa na mtu. Palikuwa peupe, mwanga mtupu kutoka juu mpaka kizingitini, mlango uko wazi.

Ghalia aliishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Katoka," alisema mwisho. Hakusema kwa hasira. Akainuka, akaichukua ile nakala yake yenye mshono, akaikunja vizuri na kuitia ndani ya begi chini ya kanga. Kibao hakukitaja tena, na wala hakumwambia Shukriya kwamba amemsamehe.

Siku ya kutoka eda, Shukriya alioshwa, akavaa nguo mpya, akafukizwa udi baada ya miezi minne, mpaka ukamkereketa koo. Wanawake walikula, wakaomba dua, wakaondoka. Wiam alikuwa ametuma gari, linanguruma nje. Shukriya alichukua bahasha kubwa yenye nakala kumi na tisa na ule ushahidi juu yake, akajifunga ushungi, akaenda mlangoni.

Kufika kizingitini, miguu ikasimama. Mbele yake hapakuwa na kitu: barabara, gari, jua la Mei. Dereva alimtazama, akadhani amesahau kitu. Yeye alikuwa anangoja. Alingoja kama alivyongoja miaka ishirini na miwili, bahasha kifuani, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia ambako daima palikuwa na nafasi ya kupenya.

"Nizwa," alisema kwa sauti, na hakuna aliyemuuliza.

Kisha akapita, akijibana ubavuni mwa mlango.