Visheti Mfukoni mwa Koti

Mwaka ule bibi yangu alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi Neasden, huku kwa Waingereza, baridi ilimfungia ndani. Mama alimwagizia koti mtandaoni, duka moja la Italia, kwa kuwa kwenye picha lilifika miguuni na Bibi hakutaka kitu kifupi. Lilipofika, zipu yake ilipanda hadi kitovuni ikagoma. Duka likajibu kwamba turudishe lile, wakilipokea watatuma jingine.

Kazi hiyo nikapewa mimi. Bibi alikuwa na wiki tatu hajakanyaga nje. Kila asubuhi alinitania, kajifunga kanga mbili na blanketi.

"Mume gani wewe, mke unamwacha agande?"

"Leo nalipeleka, Bibi."

"Jana pia ulisema leo."

Nilipokuwa nalikunja akaja na kifurushi cha visheti, vitafunio vya samli na shira ya sukari, bado vya moto, akakitia mfukoni mwa koti. Nikamwambia hili ni duka, hawatujui. Akaniangalia kana kwamba sikulelewa. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hata ndimu mbili unaweka.

"Na hawa wanatushonea jingine," akasema.

Nikafunga boksi.

Posta yetu imo ndani ya duka la mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hunipunguzia aibu. Alinipa fomu ya forodha, maana siku hizi, tangu Waingereza wajitoe Ulaya, mzigo wa kwenda huko lazima uandikiwe kila kilichomo. Mimi niliishia darasa la saba, na huandika polepole hata kwa Kiswahili. Niliandika koti moja, zipu mbovu, linarudi dukani. Nilipomaliza, foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni.

"Ni koti peke yake, kijana?" mzee akauliza. "Hakuna kitu ingine?"

Visheti kwa Kiingereza sikujua vinaitwaje, na kuanza kuvieleza mbele ya watu wote wale sikuweza.

"Koti tu."

Boksi lilirudi kwetu baada ya wiki tano, limepasuliwa na kufungwa upya, na karatasi ya forodha juu yake: ndani kumekutwa chakula cha maziwa ambacho hakikuandikwa. Visheti walivichukua. Siku za kurudisha mali zilikuwa zimekwisha, na duka likakataa kututumia koti jingine.

Nilimweleza Bibi yote, hata lile swali la mzee na jibu langu. Nikangoja anigombeze. Akauliza, "Wamevila?"

"Sijui, Bibi."

"Vilikuwa vitamu."

Akaomba mkasi na kopo la vifungo la Mama. Alifumua zipu, akatoboa matundu, akashona vifungo sita, hakuna kilichofanana na mwenzake. Kesho yake tulipanda basi hadi Edgware Road, mtaa wa mikahawa. Alinishika mkono njia nzima, akisimama kila mkahawa kunusa kahawa, na waliomwangalia vifungo akawasalimia.

Bibi alirudi Tanga baridi ilipokwisha. Koti aliliacha nyuma ya mlango wa chumba changu, maana kule angelifanyia nini. Siku nyingine nikipita natia mkono mfukoni. Vidole bado vinakutana na chembe za sukari. Watu wa forodha hawakuzimaliza.