Kyalo wa Kanda ya Nane

Fundi wa River Road alipoifungua mashine kuukuu ya video, harufu ilinifikia kabla sijaona kilichokuwa ndani: vumbi lililochomwa na umeme, plastiki iliyopata joto, na kitu kama chuma kilicholowa. Nilikuwa nimekwenda kununua waya wa redio tu, Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu, saa nne na robo asubuhi. Nikashika kaunta.

"Mathe, uko sawa?" fundi akaniuliza.

Nikamjibu kwamba niko sawa, maana si desturi yangu kuyumba mbele ya watu. Lakini nyinyi mnaonisoma naweza kuwaambia harufu ile ilikonipeleka.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miezi minane, na sikuwa nimekanyaga darasa. Nalisema hili bila haya, kwa kuwa baadaye nilisoma hadi kidato cha nne, nikapokea cheti changu nikiwa na miaka thelathini na minne, watoto wangu wawili wakinipigia makofi ukumbini. Wakati ule, hata hivyo, shule yangu ilikuwa kibanda cha video cha Kangemi: kuta za mabati, mabenchi sita, na pazia la gunia mlangoni. Humo baba yangu alikuwa msimulizi.

Huenda wengi wenu hamkuiona kazi hiyo. Filamu zilikuja kwa lugha za watu, na wateja wetu, wabeba mizigo wa sokoni na vibarua wa mjengo, walitaka kustarehe. Baba aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akawasemea wote walioonekana: majambazi, polisi, wachumba, hata mbwa. Mara nyingi hakuijua lugha yenyewe hata neno moja. Aliangalia nyuso, akatunga. Na kila mhusika alipewa jina la mtu wa mtaani, kwa kuwa watazamaji walipenda sana kumwona fundi viatu wao akiruka kutoka juu ya ghorofa.

Mwezi wa tatu mwaka huo, familia moja ya mtaa wa Karen, ambayo baba aliipogolea ua kila Jumatano, ilikuwa inahama, ikampa katoni ya kanda. Zilikuwa kumi na mbili, zote za mfululizo mmoja wa katuni, wa zamani hata kwa wakati ule. Rangi zilikuwa zimepauka, na mistari myeupe ilipita juu ya picha kama manyunyu. Ilikuwa hadithi ya vita vya siku zijazo. Watu walipigana angani ndani ya mashine za chuma zenye miguu, ndefu kuliko jumba lolote la mjini. Walizungumza lugha ya mashariki ya mbali, na hapakuwa na maandishi ya kuifafanua. Mwenye kibanda, Mzee Githinji, aliitazama kwa dakika mbili.

"Hii ni katuni, Baba Shiru. Katuni ni ya watoto. Weka Jumamosi asubuhi, uwachekeshe."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa la baba mwenyewe. Katika kanda ya kwanza alitokea rubani kijana, mwembamba, nywele zimemwangukia machoni, na baba akampa jina la Kyalo.

Kyalo wa kweli alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Kyalo, mwanamke wa Kitui aliyeuza mandazi mlangoni pa kibanda. Alikuwa askari, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa ametumwa nchi ya mbali kulinda amani. Barua zake zilikuja kila mwezi hadi Februari, kisha zikakoma. Baba alidhani jina lile lingemchangamsha mama huyo, na kwa kweli lilimchangamsha. Kila Jumamosi alilifungua pazia kidogo, akasimama pale mikono ikiwa na unga, akasikiliza.

"Kyalo anatoka Kangemi hivi," baba alinguruma, "anaivuka Waiyaki Way kwa hatua moja! Hana haja na stagi! Adui anamuuliza, wewe ni nani? Anajibu, mimi ni mtoto wa mandazi!"

"Waonyeshe, Kyalo!" watoto walipiga kelele. "Mama Kyalo, kwani huyu ulimlisha nini?"

"Muthokoi!" alijibu kutoka mlangoni, akitaja chakula cha kwao cha mahindi yaliyokobolewa. "Nyinyi endeleeni na mkate wenu."

Wiki ya kwanza ya Juni nafasi yake mlangoni ilikuwa tupu. Tuliambiwa amekwenda nyumbani Kitui. Alirudi Alhamisi ya wiki ya pili, amekonda, akawasha jiko, akasema kwamba mama mkwe alikuwa mgonjwa kidogo. Hakuna aliyemdadisi.

Kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa kuipangusa mashine kwa spiriti na kuijaribu kanda ya kesho kwa dakika moja, isije ikaumeza utepe mbele ya wateja. Baba alinikataza kabisa kuzidisha hapo. Yeye mwenyewe hakuwahi kutazama kabla ya siku. Alitaka hadithi imkute kama inavyowakuta watazamaji. Ijumaa hiyo nilizidisha.

Katika kanda ya nane, mashine ya Kyalo ilipasuliwa katikati. Hapakuwa na muziki. Kofia yake ilielea gizani, mkono wake ukaelea, kisha nikaonyeshwa jikoni mahali fulani, mwanamke mzee akipangusa meza. Katika katuni nilizozijua, mtu aliyeanguka kutoka mlimani huinuka akiwa bapa kama chapati, akatingisha kichwa, akakimbia. Nikasubiri ainuke. Niliirudisha kanda mara tatu.

Niliiogopa kesho. Baba angemuua Kyalo kwa kinywa chake mwenyewe, mama yake akisikia. Na sikuweza kumwonya baba bila kukiri kwamba nimevunja amri yake. Basi nikaenda kwa Mama Kyalo.

"Kesho usije," nikamwambia.

"Kwa nini, Shiru? Nimekukosea?"

"Yule Kyalo wa kwenye kanda anakufa. Nimemwona. Baba hajui."

Hakuacha kukanda unga. Aliupindua, akaukandamiza kwa viganja, akaupindua tena.

"Wangu pia amekufa," akasema. "Tulimzika Jumanne. Walimleta ndani ya sanduku lililofungwa, sikuonyeshwa uso."

Nikauliza kama atamwambia baba.

"Nikimwambia, atanyamaza, hatamtaja tena. Na wewe ukimwambia, mimi na wewe basi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Kyalo."

"Haya, chukua andazi."

Nililichukua. Sikuweza kulila.

Siku iliyofuata alifungua pazia kama kawaida. Baba alikuwa katika hali yake bora, akiwatupia adui matusi ya sokoni, hadi mashine ya Kyalo ilipopasuka. Akanyamaza. Nilihesabu pumzi zake kumi na moja ndani ya kipaza sauti.

"Amededi!" mtoto mmoja akapaza sauti. "Si huyo ni Kyalo? Amededi!"

"Nani amesema?" baba akafoka. "Kyalo ametokea mlango wa nyuma! Mashine hizi zina mlango wa nyuma, hamjui kwa sababu hamjawahi kuziendesha. Amevua kofia, anakwenda zake nyumbani."

"Na huyo shosho?"

"Ni mama yake. Anapangusa meza. Si mtoto anakuja kula?"

"Atakula nini, Baba Shiru?"

Aliyeuliza alikuwa Mama Kyalo. Kibanda kizima kilicheka. Baba alisita kidogo, akajibu, "Muthokoi. Sahani mbili."

Rubani yule hakuonekana tena katika kanda nne zilizobaki, lakini baba hakumwachilia. Mara alikuwa anatuma salamu kwa redio ya upepo, mara anatengeneza mguu wa mashine, mara amepandishwa cheo. Watoto walipolalamika kwamba hawamwoni, aliwaambia kamera haikufika huko. Na kila Jumamosi sauti ya mlangoni iliuliza: leo amelala wapi? Amepata blanketi? Baba alijibu yote. Mimi nilitazama sakafu.

Kanda ya kumi na mbili iliisha Jumamosi ya pili ya Julai. Jumatatu yake Mama Kyalo alifunga karai lake na kurudi Kitui, na Januari nikaingizwa darasa la kwanza katikati ya watoto wa miaka sita. Siri ile niliibeba kama aibu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimsaidia mwanamke kumdanganya baba yangu, au nilimsaidia baba kumdanganya mwanamke, na nilipokuwa na hasira nilisema moyoni kwamba akili ya mama yule ilikuwa imeruka.

Mwaka jana binti yangu aliupata mfululizo ule kwenye kompyuta yake, safari hii ukiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Niliyasoma mwenyewe, bila msaada. Rubani hakuitwa Kyalo, bila shaka, na maneno yake ya mwisho yalihusu mafuta yaliyobaki kwenye tangi. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, na sikuwahi kumuuliza kama alijua kwamba Kyalo wa kweli alikuwa amekufa. Nikikumbuka jinsi alivyosita kabla ya zile sahani mbili, siku nyingine nadhani alijua, siku nyingine nadhani hakujua.

Lakini Mama Kyalo nilikuwa nimeshamwelewa kabla ya hapo. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita, Jumapili, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Majirani, kwa adabu yao, waliacha kulitaja jina lake. Walisema marehemu, wakainamisha macho. Miezi miwili baadaye nilipita Dagoretti Corner, na muuza magazeti ambaye hakuwa na habari akaniita.

"Mama, mzee wako yuko wapi siku hizi? Haji kuchukua gazeti."

Nilijua ninachopaswa kusema. Nilikuwa nimekisema mara nyingi, kwa sauti imara.

"Yuko," nikajibu. "Goti linamsumbua."

"Pole yake. Mwambie namsalimia."

"Nitamwambia."

Akarudi kupanga magazeti yake. Nami nikabaki nimesimama pale, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, nikitumaini kwamba ataniuliza ni goti lipi.