Madaftari Meupe ya Chekechea
Mwalimu wa chekechea huvua viatu mlangoni, akaketi sakafuni na watoto, magoti yakimlia kama bawaba mbovu. Kucha zake hazikosi gundi. Akikasirika hapazi sauti, huishusha, na watoto humtazama mdomoni wapate kumsikia.

Siku ya wazazi, mkuu wa shule alifunua madaftari. "Meupe pe! Mwenzako wa chumba cha pili kawaandikia watoto wake kwa mkono wa kushoto, utadhani kaandika mtoto. Wewe kutwa unawachezesha mchezo wa duka!" Mwalimu akamjibu, "Basi mpe mwenzangu cheti cha chekechea." Mkuu akakumba vizibo vya chupa, bidhaa za duka lile, akavimwaga kwenye pipa la taka. Mtoto mmoja, ambaye muhula mzima akihesabu alikwama kwenye tatu, akamshika mkuu suruali. "Vilikuwa kumi na viwili! Nilivihesabu mimi. Virudishe!" Mwalimu akalisukuma pipa kwa mguu hadi penye viatu vya mkuu, wazazi wakiwa wameshajaa mlangoni. "Haya, mzee, inama," alisema kwa mnong'ono. "Toa kimoja kimoja, mtoto akuhesabie."